Waamish wa Lancaster: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu maisha yao na majira yao ya joto

Kaunti ya Lancaster, jimbo la Pennsylvania, ina Waamish zaidi ya 40,000. Mji wa Lancaster wenyewe umepokea wakimbizi wengi, Wakongo wakiwemo, kwa hiyo siku hizi si ajabu kusikia Kiswahili sokoni huku farasi wanapita nje. Maswali wanayouliza wageni ni yale yale, na hapa tumeyakusanya pamoja. Majibu yanahusu zaidi Waamish wa Lancaster. Kila usharika una kanuni zake, kwa hiyo usishangae ukikuta mambo tofauti Ohio au Indiana, au hata ng'ambo ya mto.

## Mambo ya msingi

Waamish ni akina nani?

Ni Wakristo wenye mizizi katika Waanabaptisti, vuguvugu lililoanza Zürich, Uswisi, mwaka 1525. Watu hao walikataa kubatiza watoto wachanga, wakasema ubatizo ni wa mtu mzima anayejua anachoahidi. Kwa hilo waliteswa na Wakatoliki na Waprotestanti kwa pamoja. Mwaka 1693 kiongozi mmoja, Jakob Ammann, alijitenga na wenzake kwa kuwa alitaka nidhamu kali zaidi, na wafuasi wake wakaitwa kwa jina lake. Katika karne ya 18 walianza kuvuka bahari kwenda Pennsylvania, koloni la William Penn, ambako mtu hakufungwa kwa ajili ya dini yake.

Ulaya hawapo tena. Usharika wa mwisho, wa Ixheim nchini Ujerumani, uliungana na Wamennonite mwaka 1937. Amerika Kaskazini, kinyume chake, wamefika karibu 400,000, na idadi yao huongezeka maradufu kila baada ya miaka 20 hivi. Sababu ni mbili: familia zina watoto wengi, na walio wengi kati ya watoto hao hubaki.

Je, ni sawa na Wamennonite?

Ni ndugu wa ukoo mmoja waliogawana mji. Wote ni Waanabaptisti, wote hukataa kubeba silaha vitani, lakini Wamennonite wengi huendesha magari, husoma vyuo vikuu na hupeleka wamisionari nje. Msomaji wa Mara anawafahamu: Wamennonite wa Lancaster ndio waliofika Shirati mwaka 1934, na kazi yao ikazaa Kanisa la Mennonite Tanzania. Waamish wa mtindo wa kale hawatumi wamisionari. Ili kuongeza mkanganyiko, wako pia Wamennonite wanaotumia farasi, na kwa mbali huwezi kuwatofautisha.

Wanazungumza lugha gani?

Nyumbani huzungumza lahaja ya Kijerumani iliyokua Pennsylvania. Biblia na nyimbo ni za Kijerumani cha zamani, na Kiingereza hujifunza shuleni. Mtoto ambaye hajaanza shule huenda asielewe Kiingereza chako. Si kiburi.

Mavazi yao yana maana gani?

Yanasema mtu ni wa jumuiya kabla hajawa wa nafsi yake. Mwanamume akioa huacha ndevu zikue lakini hunyoa masharubu, kwa sababu zamani masharubu yalihusishwa na wanajeshi. Wanawake hufunika nywele, na nguo zao mara nyingi hufungwa kwa pini badala ya vifungo. Ukiona kofia ya majani, majira ya joto yamefika.

## Umeme, simu na magari

Ni kweli hawatumii umeme kabisa?

Hapana. Wanachokataa ni waya wa umeme wa gridi unaoingia nyumbani. Friji na jiko huendeshwa kwa gesi ya propani, taa kwa betri, na mashine za karakana kwa hewa iliyoshindiliwa na injini ya dizeli. Siku hizi paneli za sola zinaonekana kwenye mapaa mengi.

Mgeni huona unafiki hapa. Tukiangalia namna wanavyoamua, si unafiki. Kifaa kipya kinapokuja, viongozi na waumini hukitazama kwanza kinavyotumika, wakati mwingine kwa miaka, na swali lao ni kama kitawaleta watu karibu na nyumba, kanisa na jirani au kitawatawanya. Waya wa gridi huleta televisheni na kila kinachofuata, lakini pampu ya hewa huleta maji tu. Maamuzi hayo huingia katika kanuni za usharika, ziitwazo Ordnung, ambazo waumini hukubaliana upya mara mbili kwa mwaka kabla ya Meza ya Bwana.

Kwa nini simu iko kwenye kibanda nje?

Kwa mantiki hiyo hiyo. Simu inasaidia biashara na kumwita daktari, ila ikiwa ndani inakatiza chakula na mazungumzo. Ikiwekwa kwenye kibanda mwisho wa shamba, pengine kwa matumizi ya familia kadhaa, utaitumia ukiwa na jambo la kusema. Ukimpigia fundi wa Kiamish, acha ujumbe, ataupata akienda kibandani. Simu za mkononi zimeanza kupenya, hasa kwa wafanyabiashara na vijana, na ni mjadala mkali kati yao kwa sasa.

Hawaendeshi gari, lakini nimewaona ndani ya gari. Ni sawa?

Ni sawa kabisa kwao. Kumiliki gari ndiko kunakokatazwa, kwa sababu anayemiliki gari anaweza kuishi mbali na wenzake. Kwa safari ndefu hukodi jirani mwenye gari dogo la abiria, na wapo watu wanaoishi kwa kazi hiyo.

Lancaster hata baiskeli hazikubaliki. Watu hutumia skuta ya kusukuma kwa mguu, yenye magurudumu makubwa, ambayo inakufikisha dukani bila kukupeleka mbali mno. Indiana na Ohio wengi wana baiskeli. Rangi ya gari la farasi pia hubadilika: kijivu Lancaster, nyeusi Ohio, na katika bonde moja la Kaunti ya Mifflin yako ya njano na meupe.

Nikikuta gari la farasi mbele yangu barabarani, nifanye nini?

Punguza mwendo mapema. Farasi huenda kilomita 10 hadi 15 kwa saa, na wewe ukija na 80 utalifikia haraka kuliko ulivyodhani. Usipige honi, kwa maana farasi akishtuka huruka upande wowote. Pita pale tu unapoona mbele vizuri, acha nafasi pana, na usirudi upande wako ghafla mbele ya farasi. Usiku tafuta pembetatu ya rangi ya machungwa na taa za nyuma, ingawa vikundi vikali kama Swartzentruber hukataa pembetatu hiyo na hutumia mistari inayong'aa. Magari mengi hugongwa kwa nyuma, jioni, kwenye vilima.

## Majira ya joto: kazi

Siku ya kawaida shambani ikoje?

Huanza saa kumi na nusu au saa kumi na moja alfajiri kwa kukamua ng'ombe, na hufungwa kwa kukamua tena jioni. Katikati kuna kazi ya msimu. Majani ya mifugo hukatwa mara ya kwanza mwezi Mei na mara kadhaa hadi vuli. Ngano huvunwa karibu na Julai. Tumbaku, ambayo bado inalimwa na baadhi ya familia za Lancaster, hukatwa Agosti na kutundikwa ghalani ikauke. Shambani Lancaster utaona nyumbu wanne hadi sita wakivuta mashine ambayo ina injini yake juu. Trekta haliingii shambani, ila linaweza kusimama uani likizungusha mitambo.

Majani yanahitaji siku tatu hivi za jua. Yakiwa yamelala chini Jumamosi jioni na mvua inakuja Jumapili, yataloa. Jumapili hakuna kazi ila kukamua na kulisha wanyama, na hata lori la maziwa haliji siku hiyo.

Tusizidishe picha ya shamba, hata hivyo. Ardhi ya Lancaster ni ghali, na familia nyingi sasa hazilimi kama kazi kuu. Baba ni seremala, mjenzi wa vibanda vya bustani au ana karakana, na shamba limebaki bustani ya mboga na farasi wawili.

Shule zikifungwa watoto wanafanya nini?

Shule zao zina likizo chache katikati, kwa hiyo hufunga mapema, kwenye mwezi Mei, na kufungua mwishoni mwa Agosti. Mwaka huishia kwa mandari ya shule nzima: wazazi, chakula, na mchezo wa mpira kati ya akina baba na wanafunzi.

Baada ya hapo mtoto ana kazi kulingana na umri. Wa miaka mitano anaokota mayai, wa minane anapalilia njegere, wa kumi na mbili anaweza kushika hatamu. Mikono yao inahitajika kweli, na wanajua. Ukipita utawaona pia wakiruka kwenye trampolini au wakiwa pekupeku kutwa. Viatu ni vya kanisani na vya baridi.

Bila friza, chakula cha bustani wanakihifadhi vipi?

Kwenye chupa za glasi. Kuanzia Juni hadi Septemba jikoni hakupoi: stroberi, maharage mabichi, matango ya achari, mahindi matamu, pichi za Agosti, nyanya, mwishoni tufaha. Familia kubwa huweka mamia ya chupa kwenye chumba cha chini. Siku ya mahindi ni sherehe yenye jasho. Huvunwa umande haujakauka, wajomba na shangazi huja, mmoja anamenya, mwingine anachemsha, mwingine anakata punje, na wanamaliza jioni wananata. Mabaki ya bustani huchanganywa kuwa achari moja tamu yenye siki iitwayo chow-chow.

Friza nazo hawazikosi kabisa. Wengine hukodi nafasi katika friza ya jirani asiye Mwamish. Katika jumuiya kali zaidi za kaskazini, barafu hukatwa bwawani wakati wa baridi na kuhifadhiwa katika nyumba ya barafu hadi joto liishe.

Ni kweli wanajenga ghala kwa siku moja?

Ghala likiungua, ndiyo, kiunzi na paa vinaweza kusimama kwa siku moja. Lakini kuna maandalizi ambayo wapiga picha hawayaoni: msingi umeshamwagwa, mbao zimeshapimwa na kukatwa, na fundi mkuu amepanga nani ashike wapi. Siku yenyewe hufika wanaume mia kadhaa alfajiri. Wanawake hupika, wavulana hubeba misumari na maji. Anayejua msaragambo au harambee ya kijijini ataelewa mara moja. Mwenye ghala halipi ujira, kwa kuwa kesho atakuwa kwa mwingine.

Misaragambo midogo ni mingi zaidi: kuezeka paa, kupaka rangi shule, kumenya njegere kwa mjane. Wenyewe huiita michezo, na kwa namna watu wanavyotaniana huku wakipigilia misumari, jina linastahili.

## Majira ya joto: mapumziko

Bila televisheni na intaneti, wanajiburudisha vipi?

Hili ndilo swali tunaloulizwa zaidi, kwa kawaida na mtu aliyeshika simu.

Kwanza kuna voliboli. Jioni ya kiangazi, mahali popote palipo na vijana wa Kiamish kuna wavu, na wanacheza vizuri sana, wasichana na wavulana pamoja, wakiwa na nguo zao zile zile. Softiboli inafuata. Kuna uvuvi pia, mtoni Susquehanna au kwenye bwawa la shamba. Leseni ya uvuvi wananunua kama kila mtu, kuanzia umri wa miaka 16. Wapo wanaoogelea kwenye vijito. Holmes, Ohio, imejaa watazamaji wa ndege mahiri, wanaume na wavulana wenye darubini nzuri shingoni, ambao huacha shughuli zao kwa saa nzima wakisikia kuna ndege mgeni amefika.

Jioni watu hukaa barazani. Aiskrimu husukumwa kwa mkono, katika ndoo yenye barafu na chumvi, na watoto hupokezana mpini mpaka unakuwa mgumu. Kinywaji ni chai baridi ya mnanaa unaoota kando ya kijito, iliyotiwa sukari nyingi. Anayependa kusoma husoma The Budget, gazeti la Sugarcreek, Ohio, linalotoka tangu mwaka 1890. Limejaa barua kutoka kila jumuiya: nani kazaa, nani kavunjika mguu, mahindi yamefika wapi.

Na kuna kutembeleana, ambako pengine ni burudani kuu kuliko zote. Mtu huenda bila kupiga hodi kwa simu, hukaribishwa mezani, na hakuna anayemuuliza ana shida gani.

Jumapili wanafanya nini?

Ibada ni kila baada ya wiki mbili, nyumbani kwa muumini, kwa zamu. Mabenchi husafirishwa kwa gari lake maalumu kutoka nyumba hadi nyumba. Majira ya joto ibada hufanyika mara nyingi ghalani au karakanani, kwenye upepo. Huchukua saa tatu hivi, bila ala yoyote. Nyimbo hutoka katika Ausbund, kitabu cha karne ya 16, na huimbwa polepole kiasi kwamba wimbo mmoja, Loblied, unaweza kuchukua dakika 20. Baadaye kuna chakula chepesi: mkate, siagi ya karanga iliyochanganywa na sharubati, achari, jibini, kahawa.

Jumapili isiyo na ibada ni ya kutembelea ndugu au usharika wa jirani.

Vijana wakifika miaka 16 wanaachiwa wafanye wapendavyo?

Filamu zimelichafua jambo hili. Rumspringa ni kipindi cha kuanzia miaka 16 ambapo kijana huanza kutoka mwishoni mwa wiki na wenzake. Bado hajabatizwa, kwa hiyo kanisa halimwajibishi kama muumini, lakini wazazi wapo na anaishi kwao. Wako wanaonunua simu, redio, hata gari. Walio wengi hufanya mambo ya kawaida sana: voliboli mchana, chakula cha jioni, kisha kuimba mezani wavulana upande mmoja na wasichana upande wa pili. Baada ya kuimba, mvulana anaweza kumpeleka msichana kwao kwa gari lake la farasi lililo wazi.

Huishia kwa uamuzi: kubatizwa, kwa kawaida kati ya miaka 18 na 22, au kuondoka. Zaidi ya asilimia 80 hubatizwa. Uzito wa uamuzi huo unaelezwa kwenye jibu kuhusu kutengwa.

Wana sikukuu au likizo za kusafiri?

Siku ya Kupaa, ile Alhamisi ya siku ya 40 ya Pasaka ambayo Wakristo wengi wameisahau, kwao ni mapumziko: maduka yamefungwa, vijana wanacheza mpira, familia zinavua samaki. Vivyo hivyo Jumatatu ya Pentekoste. Mapema Julai kuna Horse Progress Days, maonyesho ya zana za kisasa za kuvutwa na farasi, yanayohama jimbo hadi jimbo. Wanasafiri kwa treni na mabasi ya kukodi. Wazee wanaopenda jua husubiri majira ya baridi na kwenda Pinecraft, mtaa wa Sarasota, Florida, ambako Waamish huonekana kwenye baiskeli za magurudumu matatu.

## Kuwatembelea na kununua kwao

Naweza kuwapiga picha?

Usimpige mtu uso wake. Wanalichukulia kwa uzito katazo la sanamu katika Amri Kumi, na kujipanga mbele ya kamera huonekana majivuno. Shamba, farasi kwa mbali, nguo kwenye kamba, hayo hayana ugomvi. Ukiona mtoto, weka simu mfukoni.

Ninunue wapi, na siku gani?

Barabarani, kwenye vibanda vyenye ubao wa maandishi ya mkono. Vingine havina muuzaji, vina kopo la kutia fedha. Usiende Jumapili. Mjini, Central Market hufunguliwa Jumanne, Ijumaa na Jumamosi, na Green Dragon huko Ephrata ni ya Ijumaa. Kuanzia mwisho wa Februari kuna minada inayosaidia vikosi vya zimamoto vya kujitolea, ambavyo Waamish wengi ni wanachama. Huuzwa mablanketi ya viraka, farasi na samani, kwenye tope hadi kifundoni. Vibandani bei huandikwa, hakuna kupatana.

## Maswali magumu

Wanalipa kodi? Wanatibiwa hospitali?

Wanalipa kodi ya mapato, ya ardhi na ya mauzo. Tangu mwaka 1965 waliojiajiri wameruhusiwa kutochangia mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, na pia hawapokei pensheni yake. Wazee wao hutunzwa nyumbani, katika nyumba ndogo iliyounganishwa na ya watoto. Hospitali wanakwenda. Wengi hawana bima, hulipa taslimu kwa mfuko wa kanisa. Kwa kuwa wote wametokana na familia chache za mwanzo, baadhi ya magonjwa ya kurithi ni ya kawaida kwao, na kliniki iliyoanzishwa Strasburg mwaka 1989, Clinic for Special Children, imeokoa watoto wengi kwa kuyagundua mapema.

Kwa nini wanaacha shule darasa la nane?

Baada ya hapo elimu ni ya kazi: shamba, karakana, jikoni. Mwaka 1972, katika kesi ya Wisconsin dhidi ya Yoder, Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba hawawezi kulazimishwa kusoma zaidi. Wanaoikosoa hukumu hiyo wana hoja: kijana anayetaka kuondoka baadaye anaanza nyuma sana. Hoja hiyo haijajibiwa vizuri na upande wowote.

Kutengwa ni nini hasa?

Ni adhabu kwa aliyebatizwa akavunja ahadi na kukataa kutubu. Hali meza moja na waumini, na wengine hawapokei kitu mkononi mwake. Akitubu hurudishwa kikamilifu. Aliyeondoka kabla ya ubatizo hatengwi. Hula na wazazi wake kama kawaida. Kwa aliyetengwa, maumivu ni halisi, na wapo waliokaa miaka bila kukaa meza moja na mama yao.

Ni kweli walimsamehe muuaji wa watoto wao?

Ndiyo. Tarehe 2 Oktoba 2006 mtu mwenye silaha, jirani asiye Mwamish, aliingia shule ya Nickel Mines, Lancaster, akawaua wasichana watano na kujeruhi wengine watano kabla ya kujiua. Siku hiyo hiyo Waamish walikwenda kwa mjane wake kumfariji, na walihudhuria mazishi ya muuaji huyo. Shule ilibomolewa siku chache baadaye. Wazazi wenyewe wamesema kusamehe huko kulihitaji kufanywa tena kila siku.

Mgeni anaweza kujiunga? Na mtu mweusi je?

Hakuna kanuni inayomkataza mtu kwa rangi yake. Wanaojiunga kutoka nje, wa rangi yoyote, ni wachache mno, na wanaobaki ni wachache zaidi. Utahitaji lugha, kazi ya mikono, miaka ya kuishi kati yao ukiangaliwa, kisha ubatizo. Kinachowashinda wengi ni kukubali kwamba usharika utakuamulia mambo ambayo umezoea kuyaamua peke yako.

Nimealikwa chakula saa kumi na mbili jioni, nikawakuta bado wanakamua. Nilikosea wapi?

Huenda hukukosea. Baadhi ya jumuiya hazisogezi saa mbele majira ya joto kama Marekani inavyofanya. Hubaki kwenye "saa ya polepole", hasa kwa ibada. Nyingine huitumia nyumbani lakini si dukani. Ukialikwa, uliza tu kama ni saa ya haraka au ya polepole. Ukikuta bado wanakamua, shika ndoo.